Shingo ya mandolini imepinda? Pima kwanza, rodi baadaye

Masika yakishaanza hapa Moshi, sentensi ninayoisikia kuliko zote kibandani kwangu Majengo ni hii: "Fundi, nyuzi zimepanda, nikazie rodi." Anayeleta mandolini anasema hivyo, anayeleta gitaa la kwaya anasema hivyo. Wengine wamekwisha kukaza wenyewe nyumbani kwa alenki ya baiskeli, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Naandika haya ili kabla hujashika chochote ujue ni kitu gani kimesogea. Rodi, yaani fito ya chuma iliyo ndani ya shingo na kukazwa kwa nati, inanyoosha upinde wa katikati ya shingo, basi. Haishushi daraja (kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya mwili wa chombo), haibani kiungo kilichofunguka, haiondoi msokoto.

Mandolini, ala ndogo ya jamii ya gitaa, ina nyuzi 8 katika jozi 4. Zikiwa zimetuniwa sawasawa (G, D, A, E) zinavuta kwa pamoja kilo 70 hadi 80 hivi, kutegemea unene wake. Huo ni mzigo wa mfuko mmoja wa saruji na nusu, usiku na mchana, juu ya kijiti chenye unene wa kama milimita 20. Gitaa la nyuzi za chuma linabeba mzigo unaokaribia huo, ila shingo yake ni pana zaidi. Gitaa la nyuzi za plastiki linabeba karibu nusu yake tu, ndiyo maana mengi ya aina hiyo hayana rodi kabisa na hayana shida.

Vipimo vya kufanya kabla ya yote

Tuni chombo chako kama unavyokipiga siku zote. Usipime nyuzi zikiwa zimelegea, utapata jibu la uongo. Tafuta karatasi ya kawaida ya fotokopi, uikate vipande vinne. Kila kipande kina unene wa takriban milimita 0.1. Mwenye filageji, ile wanayopimia vali mafundi magari, aitumie, inapatikana kwenye maduka ya spea. Lakini karatasi inatosha.

Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatisha shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani) kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi umekuwa rula. Mwombe mtu apitishe karatasi kati ya uzi na freti ya katikati. Kwenye mandolini karatasi moja ipite bila kusukumana, na ya pili ipite kwa kugusagusa. Zikipita tatu au nne kwa raha, shingo imepinda mbele. Isipopita hata moja na uzi umelala juu ya freti, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma.

Kipimo cha pili ni cha mfupa wa juu, ule wenye mifereji ya nyuzi pale kichwani. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, angalia freti ya kwanza. Uzi uwe juu yake kwa unene wa unywele. Ukiona mwanga mkubwa, mifereji haijachimbwa vya kutosha.

Cha tatu: kwenye freti ya 12, uzi mnene wa G uwe juu kwa milimita 1.5 hadi 2, na ule mwembamba wa E uwe chini kidogo ya hapo.

Cha nne, wengi hukiruka. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, ielekee darajani. Ncha yake ifike karibu na kichwa cha daraja. Ikigonga chini sana, yaani karibu na uso wa chombo, pembe ya shingo imeharibika, na hapo hakuna rodi itakayokusaidia.

Dalili: nyuzi ziko juu, vidole vinauma

Sababu ya kwanza kwa wingi ni mfupa wa juu. Mandolini za bei nafuu hutoka kiwandani na mifereji yenye kina kidogo, na aliyeinunua mitumbani Kiboriloni, au aliyeachiwa na mgeni aliyekuja kupanda mlima, huamini kuwa ndivyo chombo kilivyo.

Mzee mmoja, mwalimu wa kwaya, alishuka kutoka Kibosho na mandolini yake kwenye shuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Nikazie hiyo rodi, nina ibada Jumapili."

Nilimwomba ashike karatasi mwenyewe. Ya kwanza ikapita, ya pili ikagusagusa. Shingo ilikuwa nzima kabisa. Tulipobonyeza freti ya tatu, uzi ulikuwa juu ya freti ya kwanza kwa milimita nzima. Nilichimba mifereji kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, nikipima kila mara, na rodi sikuigusa. Kama ningeikaza alivyotaka, shingo ingepinda nyuma, nyuzi zingeanza kulia vibaya, na maumivu ya vidole yangebaki palepale.

Sababu ya pili ni unyevu. Mbao hunywa maji ya hewani na kutanuka kwa upana wake, karibu si kwa urefu. Uso wa chombo hutuna, daraja hupanda nao. Ukiona nyuzi zilipanda Aprili bila kugongwa, na karatasi zinasema shingo ni nzima, shusha vigurudumu vya daraja vile viwili. Kumbuka kuvirudisha ukame ukija. Vigurudumu visizungushwe nyuzi zikiwa zimekazwa, vinakula nyuzi zake za parafujo. Na daraja la mandolini halikugundishwa, limeshikiliwa na nyuzi tu: weka alama kwa penseli juu ya kipande cha selotepu kabla ya kulegeza.

Ya tatu ndiyo shingo kupinda mbele. Hapa sasa rodi ina kazi. Legeza nyuzi, fungua kifuniko kidogo cha kichwani, ingiza ufunguo unaokaa sawasawa, zungusha robo mzunguko kwa mwendo wa saa. Robo tu. Tuni tena, subiri angalau saa moja, kesho yake ikiwezekana, pima kwa karatasi, kisha ndipo uamue robo nyingine. Mbao hazitii amri papo hapo.

Ya nne ni kiungo cha shingo na mwili. Pitisha kipande cha karatasi kwenye kisigino cha shingo. Kikiingia, gundi imeachia. Simama. Usimimine supaglu ndani ya ufa huo, kwa sababu fundi atakayekifungua baadaye kwa mvuke hataweza tena kupata mbao safi ya kugundisha.

Dalili: nyuzi zinalia kama nyuki kwenye chupa

Sikiliza ni wapi. Ukilia uzi mtupu usiobonyezwa na ukinyamaza ukibonyezwa, mfereji wa mfupa wa juu umeliwa. Ikiwa ni freti ya 1 hadi ya 5, na karatasi haipiti, shingo imepinda nyuma. Legeza rodi robo mzunguko kinyume cha saa. Ikiwa ni freti moja tu, gonga kichwa chake kwa kidole: freti iliyonyanyuka hutoa mlio tofauti na jirani zake. Na kuna mlio unaotoka ndani ya shingo yenyewe hata usipogusa freti. Huo ni wa rodi iliyolegea kabisa ikicheza kwenye mfereji wake. Ikaze mpaka iguse, isizidi.

Dalili: rodi inazunguka bila kitu kubadilika, au haizunguki

Kwanza hakikisha rodi ipo. Rodi ya kurekebisha shingo ilisajiliwa na Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson, Marekani, na hati yake ilitoka mwaka 1923. Vyombo vya kabla ya miaka ya 1920 havina. Hata leo mandolini nyingi, hasa zile za mgongo wa duara kama kibuyu, hazina, au zina kipande cha chuma kilichozikwa ambacho hakirekebishwi. Chukua sumaku yenye nguvu, mimi nimeitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, uifunge uzi wa kushonea na kuitembeza taratibu juu ya ubao wa vidole, ule wenye freti. Kwenye chuma itavutwa, na utaona mstari wote kilipoanzia na kilipoishia. Freti za kawaida hazivuti sumaku, kwa hiyo hazitakudanganya.

Kama rodi ipo, sababu ya kawaida ni kwamba nati imefika mwisho wa parafujo. Ifungue yote, ongeza washa moja au mbili nyembamba, rudisha. Tone la mafuta ya cherehani kwenye parafujo linasaidia, mafuta yasiguse mbao. Sababu ya pili ni tundu la alenki lililoliwa na ufunguo wa saizi isiyo yake: za Marekani ni za inchi, na yetu ya milimita huingia ikicheza. Ya tatu ni rodi iliyokatika au iliyong'oka ncha ya ndani. Inazunguka bila mwisho kwa wepesi uleule. Hapo ubao wa vidole lazima ufunguliwe, si kazi ya mezani jikoni.

Isipozunguka kwa nguvu ya vidole viwili, acha. Nitasema kwa nini. Miaka ya mwanzo niliongeza bomba kwenye ufunguo ili nipate nguvu. Nilisikia "tak" moja kavu, nikageuza shingo, nikakuta ufa mwembamba kama unywele umenyooka kutoka kichwani kushuka sentimita 9 nyuma ya shingo. Mfereji wa rodi ulikuwa umechimbwa ndani mno, nyuma yake mbao ilibaki kama milimita 2. Ilibidi nimweleze mwenye mandolini ukweli na kutengeneza shingo nzima kwa gharama yangu.

Dalili: unairekebisha, baada ya miezi inapinda tena

Hii ndiyo inayohitaji uimarishaji wa kweli. Lakini anza na mambo rahisi. Uliweka nyuzi nene kuliko za awali? Rudisha nyepesi, zinazoanzia inchi 0.010, uone kwa mwezi mmoja. Inalala wapi? Chombo kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa juani, mchana wa Januari, kinapikwa. Gundi nyeupe ya maseremala hulegea kwa joto, na chini ya mzigo wa kudumu ubao wa vidole huteleza taratibu juu ya shingo bila kuonyesha ufa.

Kama hayo si tatizo, mbao haina uti. Hapa watu huniuliza: niweke chuma gani? Mimi hujibu kwa rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Ilaze bapa kati ya vitabu viwili, ibonyeze kwa kidole, inabonyea. Isimamishe kwa ubavu, bonyeza tena. Haisogei. Ugumu wa kipande chochote unakwenda kwa kimo chake mara tatu kwa kuzidishana: ukiongeza kimo maradufu, ugumu unakuwa mara 8. Chuma bapa cha milimita 3 kwa 10, kile wachomeleaji wanachokiita flatiba, kikisimamishwa ndani ya shingo ni kigumu mara 11 kuliko kikilazwa. Nimefungua shingo zilizowekewa chuma kizuri kabisa, kimelazwa chini ya ubao wa vidole kama godoro, na mwenye nacho anashangaa kwa nini shingo ilipinda.

Kwa hiyo kisimame. Shingo ya milimita 20 ukitoa ubao wa vidole wa 5 inabaki 15. Kipande cha kimo cha 10 kinaacha 5 nyuma. Usishuke chini ya 4. Na kumbuka mgongo wa shingo ni wa mviringo, kwa hiyo kipande kikae katikati kabisa. Ukiweka viwili pembeni, kimo chake lazima kipungue.

Chuma ni kigumu zaidi ya mara kumi kuliko mbao nyingi na kinapatikana kila mtaa, ila ni kizito, na mandolini ni ndogo: kichwa kinaanza kuvuta chini mkononi. Kipige msasa mkali mpaka king'ae kabla ya kukigundisha, kwa sababu gundi haishiki chuma laini chenye mafuta. Kijiti cha kaboni faiba ndicho bora kwa uzito na ugumu, lakini hapa kwetu mara nyingi unakisubiri kutoka nje.

Mimi hupenda mpingo. Ni mzito hata unazama majini, mgumu kuliko mbao yoyote ya shingo, na ni wa kwetu. Hayati Sebastian Chuwa wa Kibosho alitumia miaka mingi kuhimiza watu kuupanda, na kila ninapokata kipande namkumbuka, kwa sababu mti huu unakua polepole sana. Kwa hiyo tumia mabaki ya wachongaji badala ya gogo jipya, na ukinunua mbao, nunua yenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kipande cha milimita 6 kwa 10, nyuzi za mbao zikienda kwa urefu bila kukatisha, kinatosha kwa mandolini yenye nyuzi nyepesi. Kwa nyuzi nene weka chuma. Mpingo una mafuta yanayokataa gundi: ufute kwa asetoni safi, si ile ya kucha, na ugundishe ndani ya dakika chache. Vaa barakoa unapousaga, vumbi lake linawasha kifua na macho.

Gundi ya kazi hii iwe ya kuchanganya mbili, aina ya Araldite, ile inayokauka polepole. Gundi ya maji inavimbisha kuta za mfereji, na shingo inapinda nyuma mbele ya macho yako kabla hata hujafunga nyuzi. Kipande kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukihitaji nyundo, kinene mno, na kitaipanua shingo kama kabari.

Kwa anayejenga shingo mpya, mkangazi na mninga zote zinafaa, na mninga husogea kidogo sana unyevu ukibadilika. Tatizo ni kwamba mbao nyingi zinauzwa mbichi. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila wiki. Usikipige randa ya mwisho mpaka uzito uache kushuka kwa wiki tatu mfululizo. Nimeona shingo nzuri za rodi ya kisasa, ile inayosukuma pande zote mbili, zikishindwa kwa sababu mbao ilikuwa na maji.

Kufungua ubao wa vidole ili kuingiza uti kunawezekana kwa pasi ya umeme na kisu chembamba kisicho na makali, lakini usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye chombo unachokipenda. Mapambo ya plastiki yanayeyuka, na mbao kavu hupasuka kufuata nyuzi zake. Kama hujawahi, mpe fundi wa gitaa. Seremala wa makabati, hata awe hodari, hajazoea kazi ambayo milimita moja ni hasara.

Dalili: kichwa kimevunjika shingoni

Mara nyingi ni kuanguka. Usiunganishe kwa msumari, parafujo wala supaglu. Kama mvunjiko ni mrefu wa mshazari na vipande vinakaa pamoja bila pengo, gundi nzuri ya mbao na klampu kwa saa 24 vinaweza kushika. Kama mvunjiko ni mfupi na umekatisha nyuzi za mbao, gundi peke yake haitabeba kilo 70. Lazima vichimbwe vijifereji viwili na kuzikwa vipande viwili vya mpingo vinavyovuka mvunjiko. Kusanya vibanzi vyote, hata vidogo kama punje, vifunge kwenye bahasha, ulegeze nyuzi na umletee fundi bila kujaribu chochote.

Dalili: shingo imesokotwa

Shika chombo kama bunduki, tazama kutoka kichwani kuelekea darajani. Freti za mwanzo na za mwisho ziwe sambamba kama mataruma ya reli. Zikiwa zimepishana, ni msokoto, na hakuna rodi wala kipande cha mpingo kitakachourudisha. Legeza nyuzi na uulizie bei ya shingo mpya kabla ya kulipia matengenezo mengine.

Baada ya matengenezo yoyote ya uti

Usitunie hadi juu siku ileile. Siku ya kwanza weka nyuzi zikiwa chini kwa hatua tatu nne, siku ya pili panda nusu, siku ya tatu fika. Kila siku pitisha karatasi na uandike idadi iliyopita. Ikibaki moja na nusu kwa wiki nzima, chombo kipigwe. Ikiwa imeongezeka siku ya tatu, legeza nyuzi usiku huohuo, kwa sababu gundi haijashika mahali fulani na bado kuna nafasi ya kukifungua bila kuvunja.